Unga wa Zamu ya Usiku

Chakula cha tarehe tisa kilikuja na madoa.
Nilitia mkono mpaka kiwiko:
vipunje vyeusi, harufu ya ukoko,
kama sufuria iliyosahauliwa na mtu anayelia.

Kwetu, magharibi ya Santa Catarina, hatuulizi sana.
Kampuni huleta vifaranga, huleta chakula, huleta daktari;
sisi tunaleta banda, na usingizi.
Elfu ishirini na mbili, weupe, siku arobaini na mbili,
kisha malori ya usiku.
Nyama huenda kwa watu. Miguu minene huenda Uchina.
Vichwa, matumbo, mafigo, shingo zilizochanika
hushuka bondeni kwa dada yangu.

Zenilda ndiye mpishi wa visivyolika.
Jiko lake ni pipa la chuma, refu kama basi,
mvuke unanguruma, parafujo inasukuma,
mafuta yanakamuliwa kando, yanang'aa kama asali,
na kinachobaki husagwa,
kikapimwa protini, kikatupwa katikati ya mahindi,
kikanipandia kilima.

Mama alipojua alijishika kichwa.
"Kuku anamla kuku?"
Nikamwambia, Mama, soya imepanda bei tena,
na hiyo ni asilimia nne tu.
Akasema: uwongo nao huanza na asilimia nne.

Siku ya thelathini na tano nilipima kuku mia.
Gramu mia na themanini hazipo, kila mmoja.
Wanakula, wanakunywa, hawanenepi.
Moto ukizidi, unga hubaki unga kwa jina;
tumbo la kuku halisomi karatasi ya maabara.

Nikapiga simu.
"Tarehe nne, usiku, nani alikuwa jikoni?"
Kimya. Halafu mluzi wa mvuke nyuma yake.
"Kipimajoto kilikufa saa nane. Fundi hakuja.
Nilipika kwa pua, Adelar.
Na pua hii, mwaka wa kumi na moja sasa,
haijui tena kilichoiva na kilichoungua."

Fomu ya malalamiko ina mstari wa namba ya mzigo,
na namba ya mzigo ina zamu,
na zamu ile ina jina moja.
Nimeiweka chini ya redio.
Deni la banda limebakiza miaka sita.

Jumapili alikuja, nywele kazisugua kwa ndimu,
na bado kiti kilimjua.
Mama alichinja jogoo wa uani, yule mwenye kucha ndefu,
mla minyoo na maganda, asiyewahi kupimwa na mtu.
Firigisi akamwekea Zenilda.
Akaitazama. Akaigeuza kwa uma.
Akanisogezea sahani:

"Kula wewe. Mimi nimeshiba tangu Jumatatu."