Fundo la Kipupwe

Kipupwe kikishuka Jilore, paa halali pale alipolala Machi.
Hilo nililijua kabla sijavaa buti za serikali.
Baba alinionyesha nikiwa na miaka tisa,
shuka moja begani, meno yakigongana:
"Joto likizidi hujificha mchana kutwa.
Baridi ikiuma, hungoja jua.
Mtafute saa tatu, kwenye mchanga mweupe,
mirihi inapoachana ikaacha upenyo."
Na tena:
"Upepo watoka kule. Wewe njoo huku.
Ukimwendea nao mgongoni, umeshampigia hodi."

Majani yakilowa manyunyu hayasemi;
mguu wa mtu huwa mguu wa panya.

Siku hizi nalipwa kwa elimu ileile.
Mwaringa, mkubwa wangu, hushangaa:
"Ngumbao, wewe wanusa waya?"
Sinusi. Naenda tu pale ambapo ningetega.
Tangu Juni nimetegua thelathini na moja:
waya za breki za baiskeli, kamba za katani,
nailoni za wavuvi wa Mayungu.

Jumanne, wa thelathini na mbili.
Ubavu wa kaskazini wa kichuguu,
penye jua, pasipo upepo.
Kijiti kimechongwa upande mmoja.
Na fundo: mara mbili kulia, moja kushoto,
ncha imerudishwa ndani kama ulimi.

Nilipiga magoti.
Fundo lile, dunia nzima, hulifunga watu wawili,
na mmoja ndiye mimi.

Paa hakuwamo. Kilikuwapo kinyesi chake,
punje nyeusi, bado vuguvugu:
alipita shibiri moja pembeni.
Nikafungua. Vidole vilikufa ganzi,
sijui kama ni kwa baridi.
Daftarini nikaandika: thelathini na moja.

Jioni nilimkuta jikoni,
koti la sufu limefungwa hadi kooni, akiota moto.
Nikautoa waya mfukoni,
nikauweka kando ya sahani yake ya sima na mchunga.
Akautazama
kama mtu aliyeona jina lake kwenye daftari la duka.
Mama akaongeza mboga. Hakuuliza.

"Baridi ya mwaka huu," akasema baba, "haina adabu."

"Inaisha. Upepo utageuka wiki hii."

Akamega tonge, akalikanda, akalikanda, hadi likapoa.

"Nani kakufundisha hayo?
Upepo wa kusi haugeuki Julai."