Kopo la Biskuti

Mwani huu baba huuita chokaa, basi.
Miaka kumi na tisa aliukwangua kutoka sakafu ya ghuba,
tani juu ya tani, ukapelekwa mashambani
kutuliza ukali wa udongo unaolea vitunguu na koliflawa.
Ukimwambia ni kiumbe hai, anacheka:
"Kiumbe gani cha kuvunja jino?"

Mimi nalipwa kuuliza hilo hilo.
Nadondosha siki, nao unatoa povu, unanong'ona.
Naupasua kwa wembe, naulaza chini ya hadubini,
na jiwe linafunguka kuwa mji:
seli safu kwa safu, kazi ya mwashi asiye na haraka,
na katikati vyumba vya uzazi, vidogo kuliko punje ya chumvi.
Hapo nachungulia dari. Tundu moja, au mengi?
Kuna ukoo unaotoa watoto kwa mlango mmoja,
kuna mwingine uliotoboa paa kama chujio la chai.

Lakini jicho, hata likiazimwa kioo, hudanganyika.
Vipande viwili, shilingi kwa ya pili,
waridi lile lile, matawi yale yale,
na vinasaba vinasema hawa hawajuani kabisa.
Kabati zetu hapa Brest zimejaa watoto
waliopewa majina ya jirani.
Mwezi Machi pekee nimefuta manne, kwa penseli, kwa aibu.

Baada ya mazishi ya mama, baba alinipa kopo.
"Alikuwa akivitoa mifukoni mwangu kabla ya kufua."
Kila kipande kimefungwa gazeti,
na tarehe, kwa mwandiko wake wa kulalia kushoto.

Nilisaga kiasi cha punje ya mchele.
Miaka arobaini na sita ya ukavu hukatakata uzi wa uhai;
niliokoa herufi mia mbili tisini na sita.
Zilitosha.
Hakuna unaolingana nazo katika ghuba ya leo.
Riwanon alipiga mbizi mara kumi na moja
akarudi na matope, na chaza, na mkono uliochanika.

Nilimwambia baba tukimenya viazi.
"Hukua kwa kasi gani?"
Nusu milimita kwa mwaka, nikasema.
Akatazama ukucha wa dole gumba, muda mrefu.
"Na jina?"
Hauna bado. Nilifikiria la mama.
"Mama yako aliokota tu," akasema.
"Mimi ndiye niliyeumaliza. Upe langu."

Kisha akarudi kwenye kiazi chake,
akakimenya mpaka kikabaki kidogo mno kupikwa.

Kwenye fomu, juu ya mstari wa jina,
kuna mstari wa mkusanyaji.
Yote miwili iko wazi tangu Jumanne.