Siku ya Kufua

Wenzake huanza na ndege: namba ya mkiani,
misumari ya ubavuni, rangi ya pua.
Sjoerd huifunika ndege kwa kidole gumba,
husoma kilichobaki:
mnara wa kanisa, paa lake kama tandiko la farasi,
mfereji uliokunja kiwiko,
kamba ya nguo, shuka moja limejaa upepo.

Nyuma ya picha, kwa penseli:
Juni 1943. Mahali hapajulikani.

Minara ya namna hiyo Frisia ni tele.
Akapima kivuli, akatafuta kaskazini,
akaondoa kijiji baada ya kijiji
kama mtu achambuaye mchele.

Kikabaki kimoja. Mfereji ulishafukiwa;
ng'ombe hulala palipolala mabomu.
Bibi Wytske, miaka tisini na moja,
akaisogeza picha hadi puani.
Hakuuliza ndege ya nani.
"Shuka la mama," akasema. "Lile lenye kiraka.
Walipowasha injini, masizi yaliruka,
akafua upya.
Hakugeuka kuwatazama."

Garini, Sjoerd akafuta neno moja tu,
akaandika palepale, polepole:
Mahali: uani kwa Baukje. Jumatatu.