Glavu Isiyo na Kidole Gumba

Leelo alikuja Februari, theluji mabegani,
amekumbatia kompyuta ndani ya blanketi la mtoto.
Mji wa Viljandi unazijua ngazi za karakana yangu:
kumi na moja kwenda chini, ya saba imelegea.
Hakuikanyaga ya saba.
Akaifunua mezani, akasema bila salamu:
"Taavet, imeandika kwamba mwisho wake ni Oktoba.
Nani kaipangia?"

Nikafungua skrubu saba. Ya nane ilishapotea,
tundu lake limezibwa kwa nta ya mshumaa.
Ndani, vumbi la sufu, jekundu, la kijani, jeupe,
limejifuma zulia dogo juu ya feni.
Nikalitoa kwa kibanio.
Akalitia mfukoni.

Kisha mtihani wa kampuni. Majibu yakaja mekundu:
kichakataji, kizee; kumbukumbu, haba;
chipu ya usalama, haipo.
Na kwa adabu ya karani wa benki
ukamshauri anunue nyingine.

"Miaka kumi na sita," akasema Leelo.
"Paka wangu ana kumi na minane
na hakuna aliyewahi kumpa mtihani."

Mimi fundi. Mlango ukifungwa naingilia dirishani.
Nikang'oa diski iliyokuwa ikikohoa,
nikapachika isiyozunguka,
gigabaiti mbili nikazifanya nane,
mfumo mpya nikaupitisha uani
nikiuomba usiulize umri.
Saa tano usiku mstari ukafika asilimia thelathini na nne
ukasimama.
Nikachemsha kahawa ya pili.
Hauchi, hauchi,
ukajongea.

Basi wanaouliza wasikie: ndiyo, inaweza.
Iliwaka kwa sekunde ishirini,
rangi zake kali kama maua ya plastiki.
Leelo akapiga kofi moja tu.
Kipya kinyemi.

Kesho yake akaniita nyumbani.
Kando ya dirisha, mashine ya kufuma, ndefu kama kitanda,
sindano mia mbili, na waya mnene wa pini tisa
uliochomekwa nyuma ya kompyuta, mahali pake pa siku zote.
Kompyuta ikaitazama
kama mjukuu aliyekulia mbali anavyomtazama bibi
anayemsemesha kwa lugha ya nyumbani:
inatabasamu, haielewi.
*Kifaa hakitambuliki.*

Na ile programu ya ruwaza,
aliyoiandika Urmas, mumewe, kwa vipupwe vitatu
kabla mapafu hayajamkatalia,
haikufunguka nilipoibembeleza,
haikufunguka nilipoidanganya kwamba mwaka ni ule ule.
Mle mna glavu mia nne na kumi na mbili:
nyota, nyayo za ndege,
milia ya vijiji vilivyobakiwa na nyumba mbili,
na moja isiyo na jina, iliyokatikia kwenye kidole gumba
kwa kuwa hapo ndipo Urmas alipoishia.

Nilikuwa nimeacha mbachao, tena wa mtu mwingine,
kwa msala upitao.

Lakini fundi hatupi kitu kabla ya siku ya tatu.
Diski kuukuu ilikuwa kwenye koti langu.
Nikairudisha. Ikakohoa, ikazunguka.
Dakika nne na nusu: Leelo akamenya kiazi,
akamlisha paka, akafuta mikono.
Ndipo sindano mia mbili zikainuka kwa pamoja.

Nikang'oa kadi ya mtandao, nikaiweka kiganjani mwake.
"Sasa Oktoba haina njia ya kukufikia."
"Na barua pepe za binti yangu?"
Hilo sikuwa nimelifikiria.
Akanyamaza kidogo. "Ana simu," akasema. "Atapiga."

Nilimdai pesa ya vumbi tu.
Akanilipa kwa glavu: ya kushoto nzima,
ya kulia haina kidole gumba.
Nazivaa zote mbili. Gumba linakufa ganzi
kila nipandapo kutoka karakanani,
nikiiruka ya saba.