Kitakachokurudisha

Mpiga picha wa Majengo aliniambia nisicheke.
Masikio yaonekane yote mawili, nyuma kitambaa cheupe,
mdomo ufungwe.
Mimi ni Sechelela. Kwa Kigogo waliniita: furahi.
Nikaibana furaha kwa meno, taa ikawaka,
nikalipa elfu tano kwa nyuso nne zilizonuna.

Udongo wangu ulikwisha kupata kibali.
Gramu mia mbili, mwekundu, wa Hombolo,
nilioufukua chini ya mashina ya zabibu yaliyokataa kufa
kiangazi kile shamba la jirani lilipobaki nguzo na waya.
Ulipimwa, ukakaushwa, ukapigwa lakiri,
ukaandikiwa cheti kwamba hauna mdudu.
Uliondoka Jumanne.
Hakuna aliyeuuliza kama utarudi.

Mimi niliulizwa.
Swali la thelathini na moja:
Eleza ni kitu gani kitakachokurudisha nchini kwako.
Nafasi iliyoachwa inatosha maneno sita.

Hati ya nyumba sina; nimepanga chumba Ipagala,
choo tunachangia na fundi cherehani.
Mume sina.
Cheti cha kuzaliwa kinasema Januari mosi
kwa sababu karani alichoka kumsikiliza mama:
mwaka ule mvua ilikatika mtama ukiwa magotini,
mtoto akaja usiku, mbwa wakibweka.
Karani alitaka tarehe.

Kisha wakataka fedha zilizolala benki
miezi mitatu bila kuguswa.
Baba mdogo Ndahani akaswaga ng'ombe wanne mnadani Msalato,
akarudi na fimbo tu.
Shangazi Mbeleje akaleta za kikoba, zimefundikwa kwenye pindo la kanga.
Chilewa wa bodaboda akatoa laki tatu za injini,
akaniambia, pikipiki itakohoa, itazoea.

Zikalala.
Sisi hatukulala.
Desemba bati la jiko la shangazi lilivuja juu ya mafiga,
na fedha zipo, zinaonekana,
karatasi ina mhuri wa meneja,
wala huruhusiwi kununua hata msumari.
Tulikuwa matajiri kwa siku tisini.
Umaskini kama ule sijauona tena.

Mwaka juzi Profesa Annelies alikuja kwetu.
Alitua, akalipa dola hamsini dirishani, akagongewa mhuri;
kesho yake anakula mlenda Hombolo,
anacheka unavyomvutikia hadi kidevuni.
Simlaumu. Barua ya mwaliko ni yake, kurasa mbili,
na jina langu amelipatia
kuliko walivyolipatia watu wa Makole.

Nikapanda treni ya alfajiri kwenda Dar.
Faili mapajani kama mtoto mgonjwa.
Dirisha lina kioo, kioo kina matundu,
sauti inapita, harufu ya mtu haipiti.
Weka vidole hapa.
Mashine ikakataa. Futa, weka tena. Ikakataa.
Miaka sita ya jembe dogo na dawa za maabara
imelamba mistari yote.
Una uhusiano gani na nyumbani? akauliza kijana,
huku amevishika vidole vyangu kwa kitambaa,
akitafuta mahali ambapo udongo haujala.

Dakika nne. Ahsante. Utajulishwa.

Lile swali niliandika kwanza: mizizi.
Nikafuta; wangedhani nachezea fomu.
Nikaandika: mama. Nikafuta,
maana mama hana risiti.
Mwisho nikahesabu maneno, nikajaza:
Nina deni la ng'ombe wanne, Msalato.

Leo ni wiki ya saba.
Upepo wa Ipagala unamwaga vumbi juu ya vitabu,
nafuta, unamwaga.
Pasipoti iko kwao.
Asubuhi simu ilitetemeka mezani, nikaikwapua:
ni Annelies.
Udongo umefika salama, ameandika.
Tumeuweka dirishani, penye jua kidogo.
Unakusubiri.

Nikacheka, masikio yote mawili yakionekana.
Kisha nikaenda kununua misumari ya shangazi.