Saa Moja Isiyo na Jua

Saa moja ya asubuhi simu inalia, Torry, Aberdeen,
na nje ni usiku.
Si alfajiri, si mapambazuko. Usiku mtupu,
na taa zake za barabarani, na mvua inayopita ubavu ubavu
ikilamba kuta za itale.

Lugha yangu huhesabu saa kwa jua:
likishachomoza, ndipo useme moja.
Basi mimi naamka kuhesabu nini?

Kipupwe. Neno hili nilikuja nalo sandukuni
pamoja na shuka mbili na pakiti ya iliki.
Kwetu lilinitosha: upepo wa Julai,
watu kujitanda kanga, watoto kukohoa kidogo.
Hapa nimelivaa, limenibana makwapani,
halifiki hata viwiko.

Novemba ulinikuta mzima.
Katikati ya Desemba nikawa naketi kitandani,
soksi moja mkononi,
dakika kumi, dakika kumi na tano,
nikiitazama kama barua ya mtu nisiyemjua.

Kazini, dobi la hospitali,
shuka hutoka mashineni zikiwa moto.
Usiku mmoja niliegemeza shavu juu ya moja wapo
nikasinzia nimesimama.
Callum, msimamizi, alicheka.
Kisha hakucheka.

Dada yangu Asya, kutoka Wete, akasema: huli.
Nikala. Chapati nne, na usingizi juu yake kama samli.

Muuguzi alinitoa damu, siku ya tatu akanipigia:
damu yako ina kiu ya jua.
Mimi!
Niliyelikimbia kutoka kivuli hadi kivuli,
niliyelitukana mchana wa Februari kwa jina la mama yake!
Nikapewa vidonge vidogo kama mbegu za papai.
Nikameza, nikaona haya.

Halafu kuna Effie Geddes, mlango wa pili,
miaka themanini na moja, fimbo yenye mpira uliolika.
Saa sita mchana hubisha hodi.
"Twende," husema, "lipo."
Hasemi nini kipo.

Lipo, kweli. Limelala kiunoni mwa anga,
halipandi zaidi ya hapo,
rangi ya chai iliyoongezwa maziwa mara mbili.
Tunashika njia ya mnara wa taa, polepole,
mpaka kwenye ukuta mmoja unaotazama kusini.
Effie huegemea, hufumba macho, huinua kidevu
kama mtu anayenyolewa.
Nami hivyo hivyo. Mijusi wawili wenye makoti.
Hatuzungumzi. Pua zinatutiririka.

Tukirudi ni uji wa shayiri, kwake au kwangu.
Yeye hutia chumvi, mimi tangawizi na iliki,
na kila mmoja humhurumia mwenzake.

Sisemi nimepona.
Kuna wiki sikumfungulia siku tatu mfululizo,
nikasikia fimbo ikingoja, ikikohoa, ikaondoka.
Siku ya nne ilirudi
kama vile hakuna aliyehesabu.

Lakini soksi sasa zinavaliwa zote mbili.
Na binti yangu Raiyan anaandika kwenye mlango wa friji
saa ambayo jua linazama, kila siku, kwa kalamu nyekundu.
"Baba, leo saa kumi kasorobo!"
Tumeongezewa dakika ishirini tangu Desemba.
Dakika ishirini: muda wa kwenda ukutani,
kama Effie hajasimama kumsema paka wa mtu.

Saa ya jikoni nimeichezea.
Siku hizi, likichungulia juu ya mapaa ya bandari,
naizungusha mishale mpaka kumi na mbili,
hata kama dunia nzima ina saa yake nyingine.
Raiyan anasema nitamchelewesha shule.

Asya akipiga huuliza, huko saa ngapi?
Zamani nilikuwa natazama simu.
Sasa namwambia, ngoja,
napangusa mvuke kiooni kwa kiganja,
natazama nje kwanza.