Maswali ya Saa Kumi

Saa kumi, kipindi cha mwisho, kando ya barabara ya Sikonge.
Chaki imebaki kipande cha ukubwa wa jino.
Nimeandika herufi ishirini na mbili, kutoka kulia,
kiganja changu kikizipaka vumbi zilizotangulia.

Frateri Ntahondi wa Kasulu ndiye huanza.
"Mwalimu, hii ya kwanza inatamkwaje?"
Haitamkwi.
"Sasa imewekwa ya nini?"
Naitazama alefu yangu, imekaa kama mtu aliyenyoosha mkono
akasahau alilotaka kusema.
Nasema: ukifika kwa watu, kabla ya hodi,
kuna kitambo unasimama, unapangusa viatu, unavuta pumzi.
Hicho kitambo.
Ntahondi anaandika *pumzi*. Anakata. Anaandika tena.

"Na beti?"
Nyumba. Kuta tatu, upande wa nne wazi.
Ndiyo iliyofungua Mwanzo, na wazee wao walionya:
usiulize ya nyuma, wala ya juu, wala ya chini ya sakafu;
toka huku mbele, maneno yanakoelekea.

Mihayo amelelewa na bibi yake, Isevya.
"Alifu, be. Nilizisoma kwa bibi kabla sijabatizwa.
Ni ndugu hizi?"
Ni ndugu. Na nyingine unazo mdomoni tangu utoto:
kitabu, katibu, maktaba, katiba.
Kafu, tavu, beti.
Umetembea na mifupa hiyo miaka yote, hujawahi kuisalimu.

Huko stesheni treni inapiga honi, wanapanga mabehewa,
la Mpanda, la Mwanza, la Kigoma.
Naandika *mali*. Nageuza silabi: *lima*.
Hivyo ndivyo walivyokesha, nasema,
wakilipanga neno moja mpaka alfajiri
waone litakwenda wapi.

"Basi hiyo Kabala ni uganga tu," anasema Ruhomvya kutoka nyuma.
"Mjomba wangu Ujiji anahesabu herufi za jina lako,
anaandika kwa zafarani kwenye sahani, anaosha, unakunywa."
Darasa linacheka.
Mimi nilinyweshwa kombe nikiwa na miaka saba;
ladha yake ninayo hadi leo, marashi na kutu ya sahani.
Sijawahi kuwaambia.
Nasema: hao nao walihesabu. Uhai, kwao, ni kumi na nane.
Mpaka umepita wapi, sijui vizuri.
Labda ni pale mtu anapoacha kuisikiliza herufi
akaanza kuituma dukani.

Kisha Kapela, ambaye tangu Januari hajauliza kitu:
"Kama Mungu alijaa kote, ulimwengu aliuweka wapi?"
Walisema alijikunja, akaacha nafasi.
Natafuta mfano. Nakohoa. Mfano hauji.
Kapela anasema, polepole, kama anayenisaidia kubeba gunia:
"Baba ni mrina asali. Gogo analitoa moyo wote,
analitundika mtini likiwa tupu,
anapaka nta kidogo mlangoni, anaondoka.
Nyuki wanakuja wenyewe."
Miaka kumi na tisa nafundisha somo hili.
Nikakaa kwenye kiti.

Kengele ya masifu. Wanakusanya madaftari.
Ruhomvya, zamu yake, ameshika kifutio,
amefuta alefu, amefuta nyumba, amefuta mali na lima,
amefika kwenye lile Jina la herufi nne
nililoliandika bila kufikiri, dakika tano za mwanzo.
Mkono wake umesimama hewani.
"Mwalimu, hili nalo nifute?"

Nikafungua mdomo.

Jumatatu niliingia baada ya Padre Mweka Hazina.
Ubao mzima ulikuwa hesabu za mahindi, magunia, deni la mashine ya kusaga,
namba zimebanana, zimepanda ukingoni,
zimepindia kulia, zimepindia kushoto,
na katikati, pembeni kidogo, zimeacha nafasi
ya upana wa kiganja.